Lambo Lililotakiwa Kuvuja

Pikipiki iliyotoka Kibaoni ilifika Mwamadilu saa nne asubuhi ikiwa na abiria mmoja na matope ya kuwatosha watu watatu. Dereva alizima injini mbele ya bango, akashusha miguu yote miwili, akasema safari imeishia hapo. Mbele, mvua ilikuwa imekata barabara, na kalavati lililowekwa mwaka jana lilikuwa limelala dimbwini, mgongo nje, kama kiboko. Abiria hakulalamika. Alikuwa mtu wa safari, mwenye viatu vilivyokwisha kukanyaga nchi nyingi, na alikuwa amezoea kufika mahali ambapo hakupanga kufika. Alisimama akasoma bango. Lilikuwa la bati, refu kuliko mlango wa jengo lililokuwa likitangazwa, na nusu yake ya chini ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa cha bluu kikisubiri siku ya uzinduzi. Nusu iliyobaki wazi ilisema GHALA LA MFANO, na neno "endelevu" lilikuwa limeandikwa mara nne.

Nyuma ya bango watu kama ishirini walikuwa wamezunguka maji, kimya.

"Kuna msiba?" mgeni akauliza.

"Bado," dereva akajibu. "Ila mzee Malale anautafuta."

Mzee Malale Ngolo alimwona mgeni akija na akamsahau hapo hapo, maana alikuwa akisubiri sifa, na sifa zilikuwa zinachelewa. Mbele yake lilikuwa lambo alilolimaliza mwezi ule ule. Maji yalikuwa yamejaa mpaka ukingoni, ya rangi ya chai ya maziwa, yametulia kama ya mtungini. Bata wawili wa jirani walikuwa wameshahamia. Katikati ulisimama mti wa alama, uliochanjwa kwa kisu kila upana wa kidole, ili mtu mwenye mashaka aje ahesabu mwenyewe.

Injinia Callixte alikuwa amechuchumaa ukingoni. Alikuwa mtu wa Kasulu, mwembamba, mwenye kofia ya plastiki ya njano ambayo watu walikuwa hawajawahi kumwona akiivua, hata wakati wa kula.

"Mzee Malale, maji haya yana siku ngapi?"

"Tisa."

"Yameshuka kiasi gani?"

Malale aliutazama mti wa alama, ingawa jibu alikuwa nalo. "Hata kidole hayajafika. Jua limelamba kidogo, bata wamekunywa kidogo. Ardhi haijapata tone."

Kisha akasubiri. Kwa kawaida, jambo likifika hapo, mtu humshika mkono. Wengine huchinja mbuzi.

Injinia akaivua ile kofia. "Ndiyo shida yenyewe, mzee," akasema.

Malale alikuja Mpimbwe akiwa na miaka tisa, akitembea nyuma ya ng'ombe wa baba yake tangu Meatu. Ng'ombe wale waliisha mmoja mmoja. Wengine walikwenda na ugonjwa, wengine na mahari za kaka zake, na waliobaki walikwenda na kiangazi kimoja kibaya. Kilichobaki mikononi mwake kilikuwa ufundi aliofundishwa na baba, wa kuchimba malambo ya kunyweshea mifugo. Kwanza alikuwa anatembea mahali penyewe siku nzima bila jembe, akitazama nyasi zimelalia upande gani, maana nyasi ndizo zinazokumbuka maji yalipita wapi. Kisha anachimba. Shimo likifika kina cha kifua anamwaga udongo wa kichuguu uliopondwa, anaulowesha, halafu anaomba ng'ombe. Ng'ombe arobaini wanazungushwa shimoni tangu asubuhi mpaka mchana, wanakanyaga, wananya, wanakanyaga tena, mpaka udongo unashikana kama ugali wa mtama uliolala. Udongo huo haupitishi maji. Malale alikuwa akisema haupitishi hata umbea.

Wafugaji wa pande zile wana desturi yao ya kutaja malambo. Lambo linaloshika maji huitwa kwa jina la mwenye ng'ombe. Linalovuja huitwa kwa jina la aliyelichimba. Kulikuwa na mtu mmoja, Maiko, ambaye lambo lake moja tu lilivuja, na mpaka leo watoto wa pale hujifunza jina la Maiko kabla ya majina ya babu zao. Mwenyewe alihamia Tunduma, anauza vifuniko vya simu. Kwa hiyo mchimbaji hodari ni mtu asiyetajwa popote. Malale alikuwa amechimba malambo thelathini na moja, na ungeweza kuzunguka kutoka Kasansa mpaka Mwamkulu usisikie jina lake hata mara moja. Kimya hicho ndicho kilikuwa mali yake.

Kisha mradi ukaja, na magari mawili meupe na maji ya chupa.

Kwa miaka mingi kila mgeni aliyepita Mwamadilu aliwaambia watu kwamba nyumba ya tope ni umaskini. Wakakubali. Wakafyatua matofali, wakakata miyombo, wakawasha matanuri, mpaka kilima cha mashariki kikapata upara na maji ya mvua yakaanza kushuka bila breki. Sasa wageni wengine walikuja kuwaambia kwamba tofali la kuchoma linamaliza misitu. Chukueni udongo wa kichuguu, walisema, mchanganye na saruji kiduchu, mshindilie kwenye mashine ya mkono, muanike kivulini, mtapata tofali lisilokula hata ukuni mmoja. Watu walisikiliza kwa heshima. Bibi mmoja aliyekaa nyuma aliuliza kama maana yake ni kwamba tope limesamehewa. Mtaalamu akasema hilo si tope, ni teknolojia. Bibi akasema sawa, teknolojia ya kwake ina miaka arobaini, ila haijawahi kuitiwa semina.

Na tuseme kweli, matofali yalikuwa mazuri. Malale aligonga moja kwa kucha, akalinusa, akalilamba pembeni, akasema kichuguu kimetendewa haki. Wanachama wa ushirika wa mpunga waliyafyatua wenyewe, wakajenga ghala lenye kuta nene na hewa ya baridi ndani. Ila tofali la namna hiyo lina adui mmoja, na adui huyo huja na mawingu. Ndipo Injinia Callixte akachora shimo upande wa juu wa ghala, akamwita Malale, akamweleza bila kumficha neno.

"Maji ya paa na maji ya kilimani yaingie humu, mzee. Yatulie, yanywewe na ardhi ndani ya siku mbili. Yasifike ukutani. Chini tutaweka mchanga, juu tutaotesha nyasi."

"Kwa hiyo livuje," Malale akasema.

"Livuje. Tena livuje vizuri."

Malale alimtazama yule kijana akamwonea huruma. Alikuwa ameshawaona watu wa namna ile. Mfugaji aliyeumizwa na wachimbaji wabovu huja kwako amekata tamaa, na hujifanya hajali. Husema, hata likivuja kidogo si neno. Huyu alikuwa ameumizwa kuliko wote, amefika mahali pa kuomba livuje. Mtu kama huyo hubishani naye. Unamchimbia lambo la maana, basi, anapona.

Injinia akaenda Mpanda kwenye warsha ya siku kumi. Malale akaazima ng'ombe arobaini wa jirani yake Doto. Kwenye kona ya chini alikuta koo la kichuguu cha zamani, tundu ambalo lingemeza mti mrefu bila kugota. Alilishindilia kwa udongo, samadi na majani makavu, akalipiga kwa nyundo ya mti mpaka likalia kama jiwe. Mwishoni akatandaza mchanga juu, kama alivyoagizwa, maana hakupenda kuvunja maagizo ya mtu. Injinia aliporudi aliona mchanga, akapiga picha, akaituma makao makuu. Siku iliyofuata mvua ikanyesha.

"Nilikwambia livuje," Injinia alisema sasa, kofia mkononi.

"Uliniambia. Nikakuonea huruma."

Watu walicheka chini chini. Mama Dafrosa, mwenyekiti wa ushirika, mwenyeji wa kabila la Wapimbwe mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, hakucheka. "Kaka Malale," akasema, "njoo huku uone."

Alimpeleka mpaka ukutani. Safu ya chini ya matofali ilikuwa imegeuka rangi. Malale aliweka kiganja, akakitoa kimelowa.

"Tofali linatoa jasho," Dafrosa akasema. "Mvua ile ililijaza lambo, yaliyozidi yakamwagikia huku, na bado limejaa. Ikinyesha nyingine, maji yanapanda ukingo, yanakuja hapa hapa. Wiki ijayo tunaingiza mpunga wa watu sitini na wawili. Utaota humu ndani kama kitalu, na wa kwako ukiwemo."

Asubuhi ile walikuwa wameshajaribu. Vijana watano waliingia majini na mitaimbo, wakatoboa chini mpaka jasho likawatoka. Kila walipochomoa mtaimbo, udongo ulijifunga kama mdomo wa shahidi. Injinia alipiga simu makao makuu, akaambiwa jambo hilo aliandike kwenye taarifa ya robo mwaka, sehemu ya mafunzo tuliyojifunza.

"Wewe unajua pa kutoboa," Injinia akamwambia Malale.

"Najua."

"Ni wapi?"

"Mwenye nyumba anakuonyesha mlango," Malale akasema. "Hakuonyeshi pa kuvunjia."

Akachukua fimbo yake akaenda zake. Alipompita mgeni wa pikipiki, mgeni akamsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, bhabha," vizuri kabisa. Malale akaitikia, akasimama kusubiri neno la pili. Mgeni hakuwa nalo. Lugha zake nyingi zilikuwa na neno la kwanza tu. Malale akaendelea kutembea.

Nyumbani alimkuta mkewe, Nyanzala, akigeuza michembe ya viazi vitamu juani. Hakumuuliza kitu. Malale alikaa juu ya kinu kilicholazwa, akanyamaza muda wa kutosha kumfanya mtu aulize, lakini Nyanzala alikuwa ameolewa naye miaka mingi mno.

"Wanataka nilivujishe," mwishowe akasema.

"Nimesikia. Hata kisimani wamesikia."

"Thelathini na moja, Nyanzala. Halijavuja hata moja. Na Jumamosi Machibya anakuja."

Machibya alikuwa mfugaji mkubwa wa Mwamkulu, mwenye ng'ombe wasiohesabika kwa adabu. Alikuwa anatafuta mtu wa kumchimbia lambo, na Malale alishamtumia salamu aje Mwamadilu siku ya uzinduzi, aone kazi kwa macho yake.

"Mpunga wetu utakaa wapi mwaka huu?" Nyanzala akauliza, bila kuinua macho.

"Ghalani."

"Ukiota, tutapika jina lako?"

Malale alikwangua pumba kavu kwenye kinu kwa ukucha.

"Nauliza nijue maji ya kuweka sufuriani."

Alikaa juu ya kinu mpaka kivuli kikamfikia miguuni. Kisha akasimama, akachukua jembe la mpini mfupi, akarudi. Injinia alikuwa bado pale pale, kama mtu aliyefiwa na kitu asichojua jina lake.

"Nitalivujisha," Malale akasema. "Ila jina langu lisitajwe. Siku ya hotuba useme amechimba mwingine."

"Nitasema imechimba jamii."

"Jamii ndiyo nani?"

"Hakuna anayejua, mzee. Ndiyo uzuri wake."

Malale akavua shati, akaingia maji ya kiunoni, akaenda moja kwa moja kwenye kona ya chini. Alilipiga koo la kichuguu mara nne. Mara ya tano jembe likazama. Maji yalisita kidogo, kama mgeni aliyeambiwa karibu ndani, kisha yakaingia. Yalitoa sauti nene ya ng'ombe anywaye. Malale akatoka, akakaa ukingoni, mgongo kwa lambo, akitazama mashamba. Watu waliopita walimwambia pole. Hata wale waliokuwa wakicheka asubuhi walisema pole. Bata walingoja mpaka maji yakawafika vifundoni, wakaondoka kwa miguu.

Siku mbili zilizofuata alifanya kazi. Alibandua udongo wa chini kwa sururu, akajaza mawe na mchanga wa mtoni, akaotesha nyasi za vetiva. Kwa hiari yake mwenyewe akaweka miti ya kuzuia mifugo upande wa kilimani, akaacha ukanda wa majani marefu yasiguswe, kama Wasukuma wanavyotunza ngitili ya malisho ya kiangazi, ili maji yafike yakitembea, yasifike yakikimbia. Injinia aliupiga picha ukanda ule mara nyingi, akauandikia jina la Kiingereza lenye maneno sita.

Alhamisi mvua kubwa ikanyesha mchana kutwa. Maji yalishuka kilimani, yakapita majanini yamechoka, yakaingia shimoni, yakakaa. Ijumaa yalikuwa yamebaki ya kuoshea miguu. Jumamosi asubuhi hapakuwa na kitu. Mama Dafrosa alizunguka ghala lote akipapasa safu ya chini, akakuta kumekauka kama unga. Akamtafuta Malale kwa macho, akamwona nyuma ya umati, akampigia goti kidogo kwa mbali. Malale alijifanya anaangalia mbuzi.

Machibya aliwasili na pikapu yake, kofia pana kichwani, fimbo mkononi. Alipitiliza turubai la wageni rasmi, akaenda kusimama kwenye ukingo wa shimo. Aliinama akachungulia ndani. Malale alijisogeza, akatumaini kwamba hotuba zitakuwa ndefu, zimkoseshe nafasi ya kuuliza.

Zilikuwa ndefu. Mgeni rasmi alisifu tope kwa dakika arobaini bila kulitaja jina. Injinia Callixte alitimiza ahadi. Alisema "jamii" mara kumi na moja, na kila mara alipolitamka Malale alipumua. Kisha kitambaa cha bluu kikavutwa.

Chini ya bango, kwa herufi nyekundu zenye ukubwa wa kiganja, kulikuwa kumeandikwa: BWAWA HILI LIMECHIMBWA KWA UTAALAMU WA JADI WA MZEE MALALE NGOLO.

Watu wakapiga makofi. Injinia alimgeukia Malale, uso umepauka. "Bango liliandikwa Mpanda, mzee, kabla ya haya yote. Makao makuu walitaka kukuheshimu."

"Wameniheshimu," Malale akasema.

Machibya alisoma polepole, kwa sauti, akifuata kila neno kwa fimbo. Alipofika kwenye jina alishusha fimbo, akageuka kulitazama shimo. Mvua ya Alhamisi ilikuwa imeacha madimbwi kila mahali, hata ndani ya turubai la wageni. Shimoni hamkuwa na maji ya kumtosha nzi.

"Lambo la Malale," akasema.

Jina likawa limeshatoka. Wafugaji watatu waliokuwa karibu walilisikia, na mmoja alilirudia taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu.

Malale alimfuata. "Machibya, lile nimelivujisha mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Niliombwa."

"Nani anaomba lambo livuje?"

"Ushirika. Maji yalikuwa yanakula ukuta."

"Kabla ya hapo lilikuwaje?"

"Siku tisa, hata kidole halikushuka. Waulize bata."

Machibya alicheka mpaka akaishikilia fimbo kwa mikono miwili. Alipomaliza alifuta macho kwa ncha ya kofia. "Maneno hayo hata Maiko aliyasema. Yeye alisingizia panya." Akafikiri. "Sikiliza. Kwangu utachimba. Ila wengine nawapa siku saba za kupima, wewe nakupa kumi na nne, na utakaa hapo hapo karibu na mti wako wa alama unaungoja. Likishuka kidole, naandika bango na mimi. Ninalo bati."

"Twende sasa hivi," Malale akasema.

Kabla ya kuondoka alichota udongo wa kichuguu uliobaki kwenye rundo, akauchanganya na samadi na majani, akaukanda kwa miguu pale pale mbele ya wageni rasmi waliokuwa wakila wali. Akapanda juu ya ngazi ya mafundi, akaupaka kwenye bango, juu ya jina lake, tabaka tatu, akazilainisha kwa kiganja. Hakuna aliyemzuia. Mpiga picha wa mradi alidhani ni sehemu ya ratiba, akapiga.

Nyanzala alimletea mfuko wa michembe na shati kavu. "Nenda," akamwambia. "Mpunga nitaupeleka mimi."

"Ukiuliza habari zangu, usiulize kwa jina."

"Nitauliza mchimbaji asiyejulikana."

Alipakia jembe, nyundo ya mti na mti mpya wa alama, akapanda nyuma ya pikapu, akakaa amelipa bango mgongo. Pikapu ilizunguka kalavati lililolala, ikapanda, ikapotea nyuma ya vichuguu.

Mgeni wa pikipiki alibaki. Barabara yake ilikuwa bado haijamruhusu, na Mama Dafrosa alikuwa amempa mkeka ndani ya ghala tupu mpaka itengenezwe. Jumatatu mvua ilinyesha tena. Alisimama barazani, mgongo kwenye ukuta mkavu, akitazama bango. Rangi ya "endelevu" la nne ilikuwa inachuruzika. Udongo wa Malale haukusogea.

Wanawake wawili walikuja mbio kujikinga, ndoo kichwani. Mmoja alichungulia upande wa shimo.

"Limejaa?" mwenzake akauliza.

"Lambo la Malale? Saa hizi ndiyo linakunywa."

"Basi kesho tutapita katikati."

Wakacheka, wakapeana nafasi, wakamsogelea mgeni ili na yeye asogee.